Wawili Wako Njiani

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Usiniambie benki ya damu haina kiti, nakijua kile chako cha magurudumu kinacholia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Haya, sikiliza. Tovuti yetu inahama!

Tangu uliponiandikia habari za yule dereva wa lori sina raha. Amepata ujumbe kwamba hospitali yenu inahitaji damu ya kundi lake, akafungua ukurasa ili abonyeze NAKUJA, akaagiza chai, akainywa yote, akaondoka zake, na ukurasa bado unazunguka. Mtu ana damu, ana moyo, ana lori, halafu anashindwa na mimi! Nimejiuliza wangapi wengine wamekata tamaa bila kukuambia.

Sasa nimejua la kufanya. Wakati ule nikiwa nakujengea tovuti hii niliamua kila ukurasa utayarishwe kwenye seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, umfikie mtu ukiwa tayari, maana simu za watu wengi ni dhaifu. Ukiipa simu kama hiyo kazi ya kuupanga ukurasa yenyewe, inahema. Uamuzi huo siujutii. Tatizo ni kwamba seva yetu ni mashine moja tu, na iko bara jingine. Mtu akibonyeza huko kwenu, ombi lake linavuka bahari, ukurasa unapikwa huko, kisha unarudi. Chakula kinafika kimepoa, na mwenye njaa ameshalala.

Kuna jukwaa ambalo lina mashine katika miji mingi duniani, na mojawapo iko karibu nanyi kabisa. Ukiweka programu yako hapo, nakala yake inakaa kila mahali. Mtu akibonyeza, mashine ya jirani yake inaamka, inaandaa ukurasa, inamkabidhi, inarudi kulala. Mimi sitakuwa tena na seva ya kutunza. Wenyewe mtindo huu wanauita "bila seva", na huko mashine zinakokaa wanakuita ukingoni mwa mtandao.

Nimeanza kujaribu jioni baada ya kazi. Nipe ruhusa nihamishe. Nipe tu! Na tuonane kwa video Jumapili, nina hamu na uso wako.

Mdogo wako,
Kiherehere (jina ulilonipa mwenyewe, kwa hiyo usinilaumu)


Alhamisi, 6 Machi

Kiherehere,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili shemeji yako asikie. Alikuwa amelala nyuma ya friji ya jirani, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilipofika kwenye "bila seva" akatoa kichwa. "Bila seva? Friji bila kompresa ni kabati. Sasa hiyo tovuti itakaa wapi, inaning'inia hewani kama popo?"

Nikamwambia mdogo wangu hajawahi kuning'iniza kitu. Halafu nikakumbuka ile kamba ya nguo uliyoifunga kwenye mlango wa bafu, nikarudi kusoma.

Nimezungumza na daktari mkuu. Unamjua alivyo, mtu wa maneno machache na macho mengi. Akasema, "Ihamisheni. Ila nisisikie fujo kwenye korido zangu." Kwa hiyo ruhusa unayo, na sharti unalo.

Mimi naomba hivi, mdogo wangu. Juzi tulimtafuta mtu wa O hasi, kundi letu hili mimi na wewe, mimi na msaidizi wangu Bwana Polepole tukagawana majina na kupiga simu mpaka sauti zikakauka. Huyu hapatikani, yule amesafiri, yule mwingine anasema alikwisha bonyeza kwenye tovuti, kumbe haikufika. Tulimpata mtu mwishoni. Lakini nilikaa kwenye hicho kiti chako cha paka nikihesabu majina yaliyobaki. Ukihama, hama vizuri. Mchele usiumwage njiani.

Video haiwezekani. Kamera ya simu yangu imekufa. Na kupiga simu unajua kunavyoishia, "unanisikia, hallo, unanisikia?" mpaka tunakasirikiana bure. Tuendelee na baruapepe hizi, zinatufaa.

Mimi mzima. Nimenenepa kidogo tu, ni uzee.

Dada yako


Jumapili, 9 Machi

Dada,

Imehama! Imehama, imehama, imehama!

Leo asubuhi nimefunga mlango, nimezima simu, nimejifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kusonga chakula cha harusi. Ilinisumbua kidogo kwanza. Mashine hizi za ukingoni ni ndogo na zina masharti mengi kuliko mama mwenye nyumba. Baadhi ya vifaa nilivyozoea kuvitumia kwenye seva ya zamani hazivitambui kabisa. Nikaondoa hiki, nikabadilisha kile, nikaandika upya sehemu nzima ya kutuma ujumbe. Kila nikiipandisha jukwaani inakataa. Inanitolea sentensi moja nyekundu, haina hata pole.

Halafu ikakubali! Sentensi ikaja ya kijani.

Nikamwandikia rafiki yangu anayeishi mji wa jirani na wenu, nikamwambia fungua. Akanijibu, "Nimefungua." Nikamwambia, "Usinitanie, fungua kweli." Akasema, "Nimefungua, nimesoma, nimefunga. Unataka nini tena?" Dada, nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Ukurasa uliokuwa unamaliza chai ya mtu sasa unatokea kabla hajaondoa kidole.

Mwambie shemeji popo wake ametua. Na mwambie Bwana Polepole aweke ombi lolote likija, asiogope.

Lakini kuhusu hiyo kamera, si shemeji ni fundi? Aitengeneze!

Kiherehere wako


Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa bado nimevaa koti la maabara, maana nikilivua nitakaa, na nikikaa nitalia.

Leo tulihitaji watu wawili wa kundi A kwa mgonjwa wa ajali. Bwana Polepole akaweka ombi. Wawili, Kiherehere. Akaandika wawili, nimehakikisha kwa macho yangu. Baada ya muda mfupi wakaja wawili, tukashukuru. Wakaja wengine watatu. Tukasema labda wameshindana. Wakaja tena, na tena, mpaka benchi likajaa, wakasimama kwenye korido, wakafika mlango wa famasi. Kila mmoja ananionyesha simu yake. "Mbona hapa imeandikwa bado nafasi?" Na kweli, imeandikwa. Mwalimu mmoja amewaacha wanafunzi wake katikati ya mtihani. Bibi harusi mtarajiwa ametoka kwenye kipimo cha gauni. Sindano bado zimeshikilia pindo!

Nimewapokea niliowaweza, vitanda vina mwisho na mifuko ina mwisho. Wengine nimewaomba radhi mmoja mmoja. Wengi walielewa. Mmoja akaniambia, "Siku nyingine nikiitwa siji." Hilo ndilo lililonichoma. Mtu kama huyo tumemtafuta miaka, tumempoteza kwa siku moja.

Daktari mkuu alitokea mwisho wa korido. Hakupaza sauti. Akasema, "Rudini kwenye simu." Akageuka.

Uliniambia tusiogope. Sasa niambie nimwambie nini.

Dada yako


Jumamosi, 15 Machi

Dada yangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima kabla ya kuanza hii. Samahani sana. Kwako, kwa Bwana Polepole, na kwa yule aliyesema haji tena.

Kosa nimelipata, na ni langu, si la jukwaa. Ngoja nikueleze, ni rahisi kuliko unavyodhani.

Kwenye seva ya zamani kulikuwa na mashine moja, kwa hiyo hesabu ya waliobonyeza NAKUJA niliiacha ikae kichwani mwake. Mmoja amebonyeza, inakumbuka. Wa pili, inakumbuka, inafunga mlango. Nilipohama nikaibeba tabia hiyohiyo bila kufikiri. Lakini sasa mashine ni nyingi, na kila moja ina kichwa chake! Hii imeruhusu wawili, ile nayo wawili, ya tatu nayo wawili, kila moja inajiona iko peke yake duniani. Tena zikilala zinasahau kila kitu, zikiamka zinaanza moja. Ni kama umeweka mabawabu kwenye milango yote ya ukumbi, ukamwambia kila mmoja aingize watu wawili, na hakuna anayezungumza na mwenzake.

Nimesharekebisha. Hesabu sasa inakaa mahali pamoja, nje ya mashine zote, na hakuna mashine inayoruhusu mtu kabla ya kuuliza pale. Kurasa zinaendelea kupikwa karibu na watu, haraka vilevile. Ni ile hesabu ndogo tu inayosafiri.

Usiniamini kwa maneno. Jana niliwakusanya marafiki kutoka miji tofauti, kila mmoja na simu yake, nikaweka ombi la uongo la watu wawili, nikahesabu "moja, mbili, haya!" na wote wakabonyeza pamoja. Wawili wakapita. Wengine wote wakaandikiwa, "Asante, nafasi zimejaa. Tutakuita ukihitajika." Tukarudia mpaka vidole vikauma. Tukabadilisha miji. Tukangoja mashine zilale, tukaziamsha. Wawili tu, kila mara!

Nimemwandikia daktari mkuu barua yake mwenyewe na kumweleza yote haya. Sikumficha kwamba nilikosea. Mwombe aisome. Mwombe kwa sauti ile unayotumia ukitaka kitu, ile iliyonifanya nikuachie kitanda cha dirishani.

Unanichukia?

Mdogo wako


Jumanne, 18 Machi

Kiherehere,

Nikuchukie nimpate wapi mwingine wa kunisumbua?

Daktari mkuu ameisoma barua yako akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Akaniuliza, "Huyu mdogo wako huwa anakiri makosa hivi kila mara?" Nikasema, "Hapana, daktari, mara nyingi huwa ananisingizia mimi." Akacheka! Bwana Polepole ni shahidi, alikuwa mlangoni, nusura aangushe trei. Kisha akasema, "Mara moja zaidi. Ikileta fujo tena, tunaifunga." Basi tunarudi hewani kuanzia kesho.

Na yule aliyesema haji tena nimempigia mimi mwenyewe. Nimemweleza habari ya mabawabu wasiozungumza. Akasema, "Kumbe ni kama kwenye ofisi yetu." Atakuja.

Sasa sikiliza. Kuanzia kesho mimi niko mapumzikoni. Mwili umechoka, daktari ameniambia nilale, nami nimeamua kumtii maana umri wa ubishi umepita. Maombi yote ataweka Bwana Polepole. Anaandika herufi moja kwa kidole kimoja, lakini hakosei. Usinitumie mambo ya mashine kwa siku chache, na nikichelewa kujibu usianze kupiga simu kila mahali kama siku ile nilipokwenda sokoni tu.

Shemeji yako anakusalimu. Ametengeneza friji ya wodi ya wazazi leo, bila malipo, amekaa huko kutwa. Nimemwambia hiyo friji itaota mizizi.

Umefanya vizuri, mdogo wangu. Nilitaka kukuambia hilo kwa maneno yaliyo wazi.

Dada yako


Ijumaa, 21 Machi

Dada! Dada! Dada!

Najua umenikataza. Najua uko mapumzikoni. Lakini hili nikilinyamazia nitapasuka, halafu utahitaji damu yangu mwenyewe.

Leo Bwana Polepole ameweka ombi la kwanza tangu turudi. Mama mjamzito, wodi ya wazazi, O hasi, wanahitajika watatu. O hasi! Watu wa kundi hilo unawatafuta kwa tochi mchana. Nilikuwa kazini, nikaona ombi limeingia. Nikasema, kwa nini siku ya kwanza tusipewe kundi la kawaida tu?

Ninalo dirisha kwenye kompyuta linaloniambia mashine ipi imeamka wapi. Nikaliweka wazi, kazi ya bosi nikaifunika. Mara ile ya karibu nanyi ikaamka. Ukurasa ukaenda. "Mmoja yuko njiani." Nikapiga meza! Wenzangu wakageuka. Mmoja akaja, "Kuna nini?" Nikamwambia, "Nyamaza, utazame." Tukiwa tunatazama ikabadilika, "Wawili wako njiani."

Kisha kimya, zaidi ya saa nzima.

Dada, kimya kile sikitaki tena maishani. Ukurasa ulikuwa unafunguliwa, naona kabisa, mashine inaamka, inalala, lakini habonyezi mtu. Labda wako mbali. Labda walitoa damu juzi. Ofisi nzima ikawa imesimama nyuma yangu, watu wasiojua hata mji wenu uko upande gani. Mwenzangu akanong'ona, "Huyo mama ana wawili tu." Nikasema, "Najua." Nilitamani niung'oe mkono wangu niutume kwa posta, si nina damu hiyohiyo?

Na hapo ikabadilika. "Watatu wako njiani. Asanteni, nafasi zimejaa."

Nilipanda juu ya kiti. Nilicheza, Dada! Nilicheza ofisini mchana kweupe, viatu nimevua, nikiimba ule wimbo wetu wa kuosha vyombo. Bosi akatoka kuuliza kelele za nini, nikamshika mikono miwili, naye akacheza, maskini, kama mtu anayekanyaga mende.

Watatu, Dada. Si wanne, si kumi. Watatu!

Sijui huyo mama ni nani. Ukipata nguvu nenda wodini ukamwangalie, umwambie kuna mtu asiyemjua anamshangilia kutoka mbali.

Kiherehere wako, ambaye leo hatalala


Jumapili, 23 Machi

Dada,

Mbona kimya? Uliniambia nisipige simu kila mahali na sijapiga. Nimepiga kwako tu. Na kwa shemeji. Haipokelewi.

Nimekukwaza kwa kukuandikia mambo ya mashine? Niandikie neno moja tu, hata tusi.

Mdogo wako


Jumapili, 23 Machi, jioni

Shemeji,

Mimi si mtu wa barua, unajua. Naanza na la mwisho. Dada yako yuko hai. Sasa vuta pumzi ndipo uendelee.

Yule mama wa wodi ya wazazi ni yeye.

Simu zako nimeziona, sikuweza kupokea. Ningefungua mdomo ningelia, na ungefikiri mabaya. Leo amekunywa uji, akalalamika hauna sukari, nikajua sasa naweza kuandika.

Alikuwa mjamzito, shemeji. Alikuficha. Alimficha kila mtu, koti la maabara lilimsaidia. Kamera ya simu yake haijafa, ni nzima kabisa, alikuwa hataki uone tumbo. Unajua zile mimba mbili za kwanza zilivyotoka. Alisema mara mbili ametangaza, na mara mbili amepokea pole, safari hii atatangaza akiwa amemshika mkononi. Nilimwambia wewe si watu, wewe ni mdogo wake. Akasema wewe ndiye hasa, maana ukifurahi unafurahi mno, na hataweza kukuona ukizimika tena.

Kondo la nyuma lilikuwa limekaa mlangoni mwa mfuko wa uzazi, mbele ya mtoto. Ndiyo sababu walimlaza. Mimi nilikuwa huko kutwa kwa ajili yake, ile friji aliyokuandikia ilikuwa kisingizio tu. Ijumaa damu ikaanza kutoka. Wakasema upasuaji leo, na damu ya akiba ya kundi lake haitoshi. Bwana Polepole akakaa kwenye kompyuta. Nilimwona akiandika kwa kile kidole kimoja, nikatamani kumwambia akimbie, lakini huwezi kumwambia mtu akimbie na kidole.

Wa kwanza kufika ni msusi. Amekuja mbio na kitana bado kiko mkononi, mteja wake amemwacha kichwa nusu. Wa pili mzee wa duka la vioo. Damu yao ikapimwa haraka. Madaktari wakasema hatuwezi kungoja wa tatu, tunaingia. Wakamwingiza.

Mimi nilisimama ukutani. Bwana Polepole akaja kusimama na mimi, simu yake mkononi. Wa tatu alikuwa mbali, dereva, alisimamisha gari lake kando ya barabara akabonyeza, kisha akaligeuza. Mfuko wake ndio uliomsimamisha dada yako jioni ile damu ilipokataa kukoma. Daktari mkuu ameniambia kwa mdomo wake, bila ule wa tatu angekuwa ananiambia maneno mengine.

Mtoto ni wa kike. Mdogo, mwenye kelele kama kompresa mbovu.

Barua yako ya Ijumaa nimemsomea leo. Alifunga macho nikadhani amelala, kumbe machozi yanateremka masikioni.

Shemeji yako


Jumatatu, 24 Machi

Dada,

Sijui nianze kukukumbatia au kukuchapa. Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara naanza na matusi.

Mtoto! Una mtoto! Nimemwambia kila mtu. Nimemwambia muuza magazeti. Nimemwambia mtu aliyekuja kusoma mita ya maji, akaniuliza, "Ana afya?" nikamkumbatia, sasa nadhani hatarudi kusoma mita.

Lakini Dada, ungeniambia. Mara ile ya kwanza na mara ya pili nililia, ndiyo. Kwani nililia kwa sababu umenikosea? Nililia kwa sababu ni wewe. Ningejua, ningeshikilia tumaini pamoja nawe, hata kimyakimya. Naweza kunyamaza. Acha kucheka, naweza.

Na kuna jambo jingine siwezi kulimeza. Wewe uko juu ya meza ile, damu inakutoka, na mimi niko juu ya kiti nacheza. Nimevua viatu, Dada. Nilikuwa naimba. Nakutazama kwenye dirisha la kompyuta kama mtu anayetazama mechi, "mama mjamzito, wodi ya wazazi", na mama huyo ni wewe, na mimi nacheza. Kila nikifumba macho naona miguu yangu ile. Wenzangu ofisini wananiuliza habari za yule mama na siwezi kuwajibu.

Nisamehe. Sijui naomba radhi ya nini hasa, lakini nisamehe.

Bosi amenipa likizo. Ninatafuta tiketi.

Mdogo wako


Ijumaa, 28 Machi

Kiherehere wangu,

Naandika kwa mkono mmoja, wa pili una mtu. Herufi zikiwa zimerukana, jua ni yeye anasukuma.

Kwanza la kukuficha. Nilikosea kudhani nakukinga wewe, nilikuwa najikinga mimi. Limekwisha, utanichapa ukifika.

La pili, habari za kazi, maana siwezi kukaa kitandani bila kuuliza. Daktari mkuu alikuja jana na kusimama pale mwisho wa kitanda. Akasema hospitali mbili za jirani zimemwomba zijiunge na tovuti, akawaambia wangoje, mtaalamu yuko njiani anakuja kumwona mpwa wake. Mtaalamu! Nimemwambia asikuite hivyo mbele yako, kichwa kitavimba usiweze kuingia mlangoni.

Msusi naye amekuja tena, kuchukua cheti chake cha kuchangia. Alipita karibu na kitanda changu akamwona mtoto, akasimama. "Mzuri huyu. Nywele zote hizi?" Kanuni zetu haziniruhusu kumwambia damu yake ilikwenda kwa nani, nawe unajua nilivyo na kanuni. Nikamwambia tu, "Mshike kidogo." Akamshika. Nilimwangalia alivyomshika, nikageuza uso dirishani.

Sasa la kucheza. Hili lisikilize vizuri, sitalirudia.

Shemeji yako hakukuandikia kila kitu, kwa sababu wakati ule alikuwa amegeukia ukuta na analia, hawezi kusema aliona nini. Nimemuuliza Bwana Polepole. Amenieleza polepole, kama anavyoeleza kila kitu. Walikuwa wamesimama pale nje, simu yake imeandikwa "Wawili wako njiani", ameitazama mpaka macho yamemuuma. Ikabadilika ikawa watatu. Akainua kichwa amwambie shemeji yako, na kabla hajafungua mdomo mtoto akalia ndani. Pamoja, anasema. Hakuna nafasi katikati hata ya kumeza mate.

Basi fikiria mwanangu alivyoingia duniani. Mama yake amelazwa usingizi hajui lolote. Baba yake yuko ukutani. Wakunga wanakimbizana, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupiga kigelegele, madaktari wana mikono myekundu hadi kwenye kiwiko. Katika dunia yote hii pana, wakati ule, alikuwepo mtu mmoja tu aliyemfurahia. Mtu mwenyewe yuko juu ya kiti, peku, anaimba wimbo wa kuosha vyombo, na amemlazimisha bosi wake acheze.

Usithubutu kuniomba radhi kwa hilo. Akikua, hiyo ndiyo habari nitakayoanza nayo.

Haya, ameamka, ana njaa na hana subira hata chembe. Naona amekurithi wewe.

Dada yako